Ngumi za Likizo

Watu wakinisikia nikimsema kaka yangu hudhani nina wivu, kwa sababu yeye alisoma nami nikabaki. Haya, wivu ninao, sikatai. Lakini kabla hawajaanza kunipa pole zao za juu juu, ningependa kwanza waijue habari ya gunia.

Lilikuwa gunia la kahawa, kuukuu, lenye kiraka ubavuni. Kaka alilijaza majani makavu ya mgomba, akalishindilia kwa mguu mpaka likakaza, akalishona mdomo. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, enzi za Mwingereza, na kahawa ilikuwa imeanikwa uani mpaka mtu anakosa pa kukanyaga. Kaka alikuwa darasa la saba katika shule ya bweni karibu na mji wa Bukoba. Sisi wengine tulikaa upande wa Muleba, kwenye kibanja alichotuachia babu. Kibanja, kwa asiye wa kwetu, ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na baba yangu hakuwa na kitu kingine duniani alichokiheshimu hivyo.

Mimi nilikuwa darasa la nne, shule ya hapo hapo parokiani. Nilikuwa nasoma vizuri. Nalisema hili mapema ili lisije likaonekana ni majigambo ya bibi kizee: nilikuwa wa pili darasani, na wa kwanza alikuwa mtoto wa katekista, aliyekuwa na taa ya kusomea nyumbani kwao.

"Njoo ushike hapa," kaka akaniambia. Akanisimamisha nimeegemea mti wa mbuni, gunia nimelikumbatia kifuani, kichwa nimekigeuzia pembeni. Akajifunga vitambaa mikononi. Kisha akaanza kulipiga, mkono wa kushoto, wa kushoto tena, halafu wa kulia. Ule wa kulia uliniingia mpaka mgongoni. Niliona nyota mchana kweupe.

Baba alikuwa anapita na panga lake. Tulimwita Tata, kama Wahaya wote wanavyomwita baba. Akasimama.

"Hicho ni nini?"

"Ni ngumi, Tata. Tunafundishwa shuleni. Mwalimu amesema tufanye mazoezi wakati wa likizo."

"Ni somo?"

"Ni somo."

"Na mtihani wake upo?"

Kaka alilitazama gunia. Hakunitazama mimi, alilitazama gunia. "Upo," akasema.

Upo! Hilo neno moja nimelibeba maisha yangu yote.

Nimweleze Tata, ili mtu asije akadhani alikuwa mkatili. Hakuwa. Alijua migomba kwa majina yake yote, alijua kahawa ipi imekauka na ipi inadanganya, na kila jioni alitoka kuitazama ndizi kama mtu anayekagua wageni wake. Lakini kusoma hakujua hata herufi moja. Kwa mtu kama yeye shule ilikuwa kitu kimoja kizima, hakikuwa na hiki muhimu na hiki cha kuchezea. Hesabu ilikuwa shule, na kufagia uwanja kulikuwa shule. Ngumi nazo zilipokuja zikiitwa somo, nani yeye awe wa kuzikataa?

"Basi mshikie kaka yako," akaniambia. "Asije akaanguka mtihani kwa sababu yetu."

Nikamshikia. Kila jioni, tukishamaliza kuchuma, nilisimama penye ule mbuni nikala ngumi za kaka yangu kama zamu ya kuchota maji. Wiki ya kwanza niliona ni mchezo. Ya pili sikuweza kulalia ubavu wa kushoto. Mama alinichua kwa samli, akanikuta nina mabaka, akasonya. Nilidhani atatoka nje apige kelele. Akasema, "Vumilia mwanangu, likizo inaisha."

Fimbo tuliijua nyumbani kwetu, nisidanganye. Lakini fimbo ilikuwa ya mzazi, ilikuwa na sababu, na ikishaisha imeisha, unafutwa machozi unapewa ndizi. Ngumi haikuwa na sababu yoyote. Sikuwa nimekosa kitu. Nilipigwa kwa sababu nilikuwepo, na nikaambiwa niwe na shukrani maana ninasaidia masomo. Mpaka leo mtu akiniambia "vumilia" damu inanichemka.

Na yule kaka mwenyewe, jamani, hakuwa hivyo. Huyu ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni kuvuka kijito, ndiye aliyeninyofolea senene, wale panzi wa kuliwa, mabawa nilipokuwa mdogo nikiogopa miguu yao. Siku moja akiwa anapiga alisema, bila kusimama, kwamba bwenini wakubwa walikuwa wakimnyang'anya blanketi. Alilala na baridi ya ziwani mwaka mzima. Tangu aanze ngumi hawamgusi. Nilimhurumia! Mjinga mimi, nilimhurumia nikalishika gunia vizuri zaidi.

Lakini kilichomlinda kule bwenini alikirudisha nyumbani kikiwa kimeota meno. Alianza kusimama mlangoni kwa namna ambayo hupiti mpaka umwombe. Alimwamkia mjomba amesimama wima, kana kwamba wamelingana. Watoto wa jirani wakimwona njiani walishuka kwenye majani. Mama akachekelea, eti mwanangu amekuwa mwanaume. Mwanaume wapi? Alikuwa mtoto aliyeogopa, akagundua kwamba ukiwaogopesha wengine kwanza unapumzika.

Mwezi wa kumi Tata alinichukua twende kumwona shuleni. Tulipanda lori la mizigo mpaka Bukoba, tukiwa na karanga na mkungu wa ndizi za kuchoma. Ilikuwa Jumamosi, saa ya michezo, na wavulana walikuwa wamezunguka uwanja uliochorwa duara kwa chokaa. Ndani ya duara wawili walikuwa wakipigana, nami nikabana mbavu zangu bila kujua.

Mwalimu wao alikuwa askari wa zamani, aliyerudi kutoka vita vya Burma, mtu mwembamba mwenye filimbi shingoni. Nilitazama kila kitu, maana nilikuwa na haki ya kutazama kuliko wote pale. Walivaa glavu nene kama mito. Wote wawili walikuwa wa uzito mmoja. Mmoja akianguka filimbi inalia na mwenzake anarudi nyuma. Wakimaliza wanashikana mikono, wanapewa maji. Wenye kushindwa walikwenda kulia nyuma ya vyoo, hilo nililiona, na hakuna aliyewafuata. Lakini sheria zilikuwepo. Kisha yule mwalimu akapaza sauti, akawaambia kwamba anayempiga mtu asiyejikinga ni mhuni, na akisikia mwanafunzi amempiga mtu nje ya duara, iwe shuleni, iwe kwao, siku hiyo hiyo atafunga sanduku aondoke.

Nilimtafuta kaka kwa macho. Alikuwa upande wa pili wa duara, ameinama anafunga kamba za glavu. Alijitia hamnazo. Alikuwa amesikia kama mimi nilivyosikia, na si mara yake ya kwanza. Kumbe sheria zote zilikuwepo, yeye akaziacha Bukoba, akatuletea ngumi peke yake.

Usiku ule tulilala Hamugembe, hapo hapo mjini, kwa shangazi. Asubuhi, tukiwa njiani kwenda kutafuta lori, nilimwambia Tata. Nilitumia maneno mazuri, ya adabu. Nilimwambia kule wanampiga anayepiga, mimi sipigi. Nikamwambia pia alichosema mwalimu.

"Huyo alikuwa anawasema wanaopiga watu," Tata akasema. "Wewe ni wa nyumbani."

Desemba ikaja, na mtihani wa darasa la nne nikashinda. Katekista alisoma majina baada ya misa, na jina langu likawemo. Masista walikuwa na shule ya kati ya wasichana, ya bweni, na nafasi zilikuwa chache mno. Kila msichana aliyeshinda ilimpasa kwenda kuonana na Sista Mkuu mwezi wa kwanza kabla ya kupokelewa. Mama akanishonea gauni la bluu kutokana na kanga yake. Nililijaribu mara ngapi sijui. Nilijifunza kusema "Shikamoo Sista" mbele ya ndoo ya maji nijione mdomo unavyokaa. Nilitaka ile shule. Sijawahi kutaka kitu hivyo tena, si mume, si mtoto, Mungu anisamehe.

Kaka alikuwa nyumbani kwa likizo, na gunia lilirudi. Siku iliyotangulia safari yangu ya kwa masista, alasiri, nilikuwa nimeshaoga, nimepaka miguu samli. Akaniita. Nikakataa. Nikasema leo sishiki, kesho nina safari yangu. Kaka akamtazama Tata, aliyekuwa kizingitini anatafuna buni.

"Mara moja tu," Tata akasema. "Na yeye ana mtihani wake."

Nikaenda. Kwa nini nilikwenda? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na baba yangu alikuwa amesema. Nikalikumbatia gunia, nikageuza kichwa, na kaka akapiga wa kushoto, wa kushoto, na ule wa kulia ukateleza juu ya kiraka ukanipata jichoni.

Hata sikulia. Nilikaa chini juu ya kahawa, na nakumbuka niliwaza gauni. Mama alikata kipande cha mgomba kibichi chenye maji ya baridi akaniwekea. Kaka alisimama anasema ameteleza, ameteleza, kila mtu ameona ameteleza. Asubuhi jicho lilikuwa limefunga kabisa, jeusi, limevimba kama zambarau.

"Utasema umeanguka," Mama akasema akinifunga vifungo vya gauni. Tata alichukua kofia yake. Tulitembea hadi misheni, yeye mbele, mimi nyuma na jicho langu moja.

Sista Mkuu alikuwa Mzungu mrefu, Kiswahili chake kilinyooka. Alikuwa na karatasi zangu mezani. Alinitazama, akazitazama karatasi, akanitazama tena.

"Nani amekupiga?"

"Ameanguka, Sista," Tata akajibu. Kofia alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Mtoto aseme."

Nilijua ninachokishika. Shule ya kaka na shule ya masista zilikuwa za misheni moja, mapadre na masista walikuwa wakiandikiana. Nikisema ni kaka, neno litafika kwa yule mwalimu wa filimbi, na kaka atafunga sanduku. Atarudi kwenye kibanja, yeye ambaye kahawa yote ya nyumba ilikuwa imekwenda kwake. Nikisema nimeanguka, basi nimedanganya mbele ya mtu ambaye hadanganyiki. Nilimtazama Tata. Alikuwa akinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake, macho ya kuomba. Baba yangu, kuniomba mimi!

"Nimeanguka," nikasema.

Sista akazikusanya karatasi. Alisema, bila hasira, ndicho kilichoniuma, kwamba anajua jicho la kuanguka na jicho la ngumi. Alisema hapokei wasichana wagomvi, lakini mgomvi huweza kufundishwa. Mgomvi anayesema uongo ndiye anayemshinda. Nafasi yangu atapewa mwingine. Nijaribu mwakani. Akamwambia Tata amfundishe binti yake upole.

Upole! Wavulana wa misheni ile ile walikuwa wanachorewa duara kwa chokaa, wanapewa glavu na filimbi, eti wajifunze kuwa watu. Mimi niliyezipokea ngumi zao bila kurudisha hata moja ndiye niliyeambiwa mgomvi. Na Tata alisimama pale na kofia yake akasema, "Asante, Sista." Asante ya nini? Nimeshindwa kumsamehe ile asante.

Mwakani haikuja. Mwaka uliofuata nilikuwa mkubwa mno kwa darasa, na watu wa upande wa Kaagya walikuwa wameshaanza kuleta posa.

Lakini kabla ya hapo kuna mambo mawili, na la kwanza ni ripoti. Shule ya kaka ilichelewa kutuma ripoti mwaka ule. Ililetwa na katekista mwezi wa pili, kaka akiwa amesharudi Bukoba. Msomaji wa barua nyumbani kwetu alikuwa nani? Nilikuwa mimi. Tata akakaa kwenye kigoda, Mama akaacha kumenya, nami nikaifungua. Jicho lilikuwa limefunguka, lakini lilikuwa na ukungu, na ukungu ule haukutoka tena.

Nikasoma. Hesabu. Kiingereza. Kiswahili. Jiografia. Historia. Dini. Kilimo. Maarifa ya afya. Mwenendo, mzuri. Saini.

"Na ngumi?" Tata akauliza.

Nikageuza karatasi. Nyuma hapakuwa na kitu. "Haimo."

"Soma tena."

Nikasoma tena, polepole, nikiweka kidole, na ninakiri nilisoma kwa furaha mbaya. Nilitaka kila somo limchome. Hesabu. Kiingereza. Nikafika mwisho. Hapakuwa na ngumi, haijawahi kuwepo. Ulikuwa mchezo wa Jumamosi wa wanaotaka, kama kuruka kamba.

Mama alijifunika uso kwa upindo wa kanga. Tata alinyoosha shingo akaitazama karatasi asiyoweza kuisoma. Halafu akasema, "Labda ya ngumi inakuja peke yake."

Nilitaka kupiga ukelele. Alijua! Niliona kwamba anajua. Lakini angewezaje kusema? Angesema, ingembidi anitazame usoni. Akaichukua ile karatasi akaichomeka kwenye nyasi za paa, akatoka kwenda kutazama ndizi.

La pili lilitokea mwezi wa sita. Kaka akarudi, darasa la nane sasa, mabega yamepanuka. Siku ya kwanza Tata hakumuuliza ripoti ya ngumi. Ya pili pia hakuuliza. Kaka akalitoa gunia darini, panya walikuwa wamelitoboa, akaniita.

"Shika mwenyewe," nikasema.

"Nini?"

"Umesikia. Mtihani wako haupo. Nimeisoma ripoti mara mbili."

Nilidhani atanipiga pale pale. Hakunipiga. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu, au kwa hasira, sikujali. Akalitupa gunia, akaingia kati ya migomba akaanza kupiga mgomba. Mgomba una mwili wa maji, ngumi inazama na inatoa sauti ya kumridhisha mtu. Alipiga mmoja, akaupiga wa pili. Wa tatu ulikuwa umebeba mkungu mzito, umebakiza wiki kadhaa kukomaa, na kwa ngumi ya kulia ukainama, ukapasuka shingoni.

Tata alitokea sijui wapi. Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile, kabla wala baada. "Mgomba haupigwi! Wewe! Umekosa akili? Umeona mgomba umekukosea nini?" Alikuwa na fimbo ya kuegemezea ndizi mkononi, akamchapa nayo kaka yangu mabegani, mgongoni, mtoto wa darasa la nane, mwanawe wa masomo, mpaka kaka akakimbilia barabarani. "Ngumi zako ziishie huko huko Bukoba!" akamfokea. "Nisizione tena nyumbani kwangu!"

Na zikaisha. Siku ile ile. Hakuna aliyepiga ngumi tena nyumbani kwetu. Kumbe neno lilikuwepo kinywani mwake muda wote, na fimbo alikuwa nayo, na sauti alikuwa nayo. Kilichokosekana ni mgomba.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Alihema, akapiga magoti, akaanza kuushika ule mgomba uliovunjika, akiuinua taratibu kwa mikono miwili, anauongelesha kwa Kihaya kama anaongelesha mgonjwa. Mkungu ulimwelemea. Hakuweza kuushika na kufunga kamba kwa wakati mmoja.

"Njoo ushike hapa," akaniambia bila kugeuka.

Maneno yale yale. Mahali penyewe ni karibu na ule mbuni. Sikusogea. Ilipopita kitambo akageuka kuona kwa nini siji, na ndipo aliponitazama. Alilitazama jicho langu lenye ukungu kwa mara ya kwanza tangu kwa masista, sawasawa, bila kukwepa, nami nikamwacha alitazame mpaka achoke. Machozi yakamtoka. Hayakunifaa kitu.

"Shika mwenyewe, Tata," nikasema, nikaenda zangu kuchota maji.